Tupeane uzoefu: chai ya nyumbani iliyowahi kukuumbua

Mpangaji wa Chumba Kimoja
Wakuu, habari za asubuhi. Leo Dodoma kuna upepo wa baridi, nikasema nijipikie chai ya maziwa yenye tangawizi kama ya mama. Nikaponda tangawizi, nikamimina maziwa, maji na majani, nikabandika vyote pamoja. Haijachemka hata, imekatika. Mabonge yanaelea juu, chini maji ya rangi ambayo sitaki kuielezea. Hii ni mara ya tatu mwezi huu, na maziwa ni ya leo alfajiri.

Mara ya kwanza ilikuwa mbele ya mgeni, binti mmoja wa ofisini aliyepita kunirudishia chaja. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akasema ana haraka. Tangu siku hiyo chaja ameshanunua ya kwake.

Kwa hiyo tupeane uzoefu. Chai ya nyumbani imekuumbua vipi? Na mwenye dawa ya hii kukatika asikae nayo kifuani.

Mama Vitumbua
Mwanangu, nani alikufundisha kubandika tangawizi mbichi na maziwa baridi? Chemsha maji na tangawizi kwanza, yatokote mpaka jirani asikie harufu. Ndipo utie majani, maziwa yaje mwisho.

Mnywa Mkandaa
Dawa ni kuacha maziwa. Mkandaa haukatiki.

Fundi Redio
Muuza maziwa anakuibia, hakuna kingine. Hayo ni ya jana yamechanganywa na ya leo.

Mtoto wa Mufindi
Mama Vitumbua kasema kweli, niongezee sababu tu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Kikikutana na maziwa ya uvuguvugu kinafanya kazi yake vizuri sana, ndiyo hayo mabonge. Kikichemshwa kinakufa. Dakika tano za kutokota zinatosha, halafu maziwa yako salama, hata kama muuzaji ana mambo yake.

Nimekulia mashambani, mama alikuwa mchumaji: majani mawili na chipukizi lake, kikapu mgongoni toka kabla ya jua. Watu wanadhani tulikuwa tunakunywa chai nzuri kuliko wote. Nyumbani ilikuwa ile ya vumbi kabisa, inayotoa rangi ukiitazama tu. Lakini mama alijua kuipika. Haikuzidi dakika tatu motoni baada ya majani kuingia. Akimuona mtu anachemsha majani robo saa alikuwa anauliza, "Unapika chai au unapika ngozi?"

Strungi Baridi
Nawasalimu kutoka Kericho. Jameni, dakika tatu ni chai ama ni maji yaliyotishwa? Huku maziwa na maji nusu kwa nusu, majani ndani, inapanda, unapunguza moto, inapanda tena, unapunguza. Mara tatu. Ikitoka hapo kijiko kinasimama.

Mnywa Mkandaa
Hiyo siyo chai, huo ni uji uliokosa unga.

Strungi Baridi
Sawa, lakini hata hayo majani yenu yanapelekwa mnada wa Mombasa. Na chai imepandwa Limuru tangu 1903. Heshimuni wakubwa.

Mtoto wa Mufindi
Miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wanaijaribu Amani, pale Usambara. Na Dar mnada ulishaanza 2023. Tuheshimiane wote.

Fundi Redio
Mimi bado nasema ni muuza maziwa.

Bi Harusi wa Chumbageni
Nimesoma hapo kwenye mabonge nikacheka peke yangu jikoni mpaka mtoto kaja kuniuliza. Miaka tisa sijawahi kulisema hili nje ya nyumba ya mama yangu. Leo nalitoa.

Mimi ni wa Tanga. Mume wangu ni Mhaya wa Bukoba. Siku washenga wake walipokuja kwetu, walikuja wazee wanne na mama yake, safari ya siku mbili kwenye basi, wamekunjamana kama nguo za mtumba. Mama akanipa kazi moja tu: chai. Mapishi mengine yote walishika mashangazi, mimi nikaambiwa, "Wewe chai, tuone kama unaolewa." Nikapika ya maziwa, tangawizi nimeichemsha kama alivyosema Mama Vitumbua, iliki nimetwanga mwenyewe, mdalasini wa vijiti siyo wa unga. Jamani ile chai ilikuwa imekaa. Nikaionja, nikajipongeza.

Nikaimimina kwenye chupa kubwa ya mama, ile nyekundu yenye maua ambayo haitoki kabatini mpaka aje mgeni wa maana. Nikapeleka sebuleni. Nikawamiminia kwa heshima zote, goti chini, nikarudi jikoni kusikilizia nyuma ya pazia.

Kimya.

Siyo kimya cha watu wanaofurahia. Nikasikia mzee mmoja anakohoa kidogo, halafu anasema kwa upole kabisa, "Chai ya pwani, kweli, ina mambo yake."

Ndipo kaka yangu anapita jikoni anatafuta kitu kabatini. Nikamuuliza unatafuta nini. "Chupa ya mama. Jana usiku niliweka supu ya pweza isipoe, ilibaki kidogo."

Ngoja mtoto analia, narudi.

Mama Vitumbua
Yesu na Maria.

Mnywa Mkandaa
Bibie, usituache njiani!

Shemeji wa Wote
Nimeacha kazi. Bosi yuko nyuma yangu naye anasoma.

Mzushi Hapiti
Samahani, hii ni chai. Tena ya moto na haijatiwa sukari. Mtu unamiminaje chai kwenye chupa bila kuchungulia ndani? Na harufu ya pweza hukuisikia?

Shemeji wa Wote
Mzushi, ukisikia harufu wewe ungeoa?

Tandika Mpaka Muscat
Wakati tunamsubiri bibie: mimi niko Muscat, huku wana chai ya karak, maziwa ya kopo, iliki, inachemshwa mpaka inakuwa rangi ya mchanga. Nzuri. Lakini nikirudi nyumbani kwangu baada ya kazi napika ya rangi ya mchaichai, nakaa dirishani nakunywa taratibu. Mchaichai ninao kwenye kopo la rangi lililokatwa, umeota kibarazani kwenye joto lote hili. Mke wangu anasema nauongelesha. Ni kweli nauongelesha.

Bi Harusi wa Chumbageni
Nimerudi. Mzushi, chupa za kioo za kizamani mdomo mwembamba, ndani giza, na nilikuwa natetemeka. Harufu ya tangawizi na iliki ilikuwa imejaa jikoni, ningesikia nini? Na supu ilikuwa kama kikombe kimoja tu chini, lakini ilikuwa na pilipili na ndimu. Ndimu! Basi mpangaji wetu ataelewa chai ya maziwa ilifanyaje humo ndani. Ilikatika vipandevipande. Wakamiminiwa mabonge yanayoelea na chumvi kwa mbali.

Nikataka kukimbilia sebuleni nikachukue chupa. Mama akanishika mkono. "Ukiingia sasa utasema nini?" Tukachungulia wote watatu.

Kwenye kikombe cha yule mzee mkubwa kulikuwa na kipande cha mnyiri. Nakiona kwa macho yangu, na vile viduara vyake. Mzee akakitazama. Akamtazama baba. Baba, ambaye hajui chochote, akamwambia, "Karibu, mzee, jisikie nyumbani." Mzee akakitia mdomoni, akakitafuna. Akatafuna muda mrefu. Akasema, "Ahsante." Kisha akanyanyua kikombe akamalizia.

Sasa cha ajabu: wao nao walikuja na zawadi ya senene. Baba yangu mtu wa bahari, panzi kwake siyo chakula, lakini ugeni ni ugeni. Alikuwa anatafuna senene mmojammoja huku amekaza shingo. Kwa hiyo sebuleni pale kulikuwa na wazee wanameza vitu wasivyovielewa, na kila upande unaamini huo ndio utamaduni wa mwenzake. Mahari ilikubaliwa ndani ya saa moja. Hakuna aliyetaka kuongezewa kikombe.

Shemeji wa Wote
"Akatafuna muda mrefu." Nimekufa.

Mzushi Hapiti
Nimekubali nusu. Nusu bado chai.

Nesi Mstaafu
Nacheka na nyinyi lakini niseme neno moja la kazi yangu ya zamani. Akina mama wajawazito, msinywe chai pamoja na chakula wala vidonge vya kuongeza damu. Chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Iache ipite kama saa moja hivi. Nimewaona wengi kliniki, vidonge wanameza kila siku, ila wanavishushia chai.

Fundi Redio
Nesi, huu ni uzi wa furaha, usituletee wodi.

Mama Vitumbua
Fundi, mwache mama wa watu. Mimi mwenyewe mimba ya pili nilifanya hivyohivyo nikaishia kuongezewa damu. Hakuna aliyeniambia.

Mtoto wa Mufindi
Kweli tupu. Halafu chai inavuta harufu kuliko sifongo. Pale kwetu haturuhusu majani yakae karibu na sabuni ya unga. Kizibo cha chupa pia, ule mpira unahifadhi harufu ya wiki mbili. Bibie, kile kizibo mlikitupa?

Bi Harusi wa Chumbageni
Mama alikiloweka na magadi siku tatu. Bado kuna siku za mvua ukikifungua unamsikia pweza.

Lakini subirini, sijafika penye shida yenyewe. Mama mkwe aliipenda.

Mnywa Mkandaa
Nani?

Bi Harusi wa Chumbageni
Mama mkwe wangu. Alikunywa vikombe viwili. Kila akija kwangu ananiambia, "Mwanangu, nipikie ile chai ya kwenu, yenye kile kiungo." Nimempikia ya karafuu, nimempikia ya pilipili manga, nimempikia ya majani ya mlimau. Anaonja, anasema nzuri, lakini siyo. Mwaka wa tatu nikachoka, nikamdanganya kwamba kiungo kile hupatikana msimu wa kaskazi peke yake. Na yeye huwa anakuja Juni au Julai, kusi inavuma. Nikawa salama.

Sasa jana kapiga simu. Anakuja tarehe 10 Januari. Kanambia, "Nimeuliza kwa watu wa pwani, wamesema kaskazi ndiyo wakati wake. Safari hii sikosi."

Nishaurini.

Shemeji wa Wote
Mwambie ukweli. Miaka tisa, ndoa ipo, watoto wapo. Atacheka.

Nesi Mstaafu
Asimwambie! Yule mzee aliyetafuna mnyiri bado yupo? Ukimwambia mama mkwe, ukoo mzima utajua. Kuna watu walikunywa aibu siku ile kwa ajili yako.

Bi Harusi wa Chumbageni
Alifariki mwaka juzi. Msibani walimsifu kwamba hakuwahi kukataa chakula cha mtu.

Mama Vitumbua
Pole sana, mwanangu.

Tandika Mpaka Muscat
Pole. Mzee wa watu.

Strungi Baridi
Pole dada. Kwa maoni yangu mpikie supu ya pweza, mpe kwenye bakuli pembeni, chai kwenye kikombe. Ulimi wake utaunganisha wenyewe, wewe hujasema kitu.

Mnywa Mkandaa
Kwa mara ya kwanza Mkenya kasema neno.

Fundi Redio
Akaushe pweza, amsage, amtie kijiko cha chai. Biashara hiyo. Pakiti ndogondogo.

Mzushi Hapiti
Na ndimu asisahau, la sivyo haitakatika na mama atajua ni bandia.

Mpangaji wa Chumba Kimoja
Wakuu, uzi ulikuwa wangu lakini sijali. Nimefanya kama mlivyosema. Tangawizi nimechemsha dakika tano kwa saa ya simu, majani dakika tatu, maziwa mwisho. Haikukatika! Imetoka rangi ya tofali, mvuke unapanda, dirisha limeingia ukungu. Shida tu maji ya bomba langu yana chumvichumvi. Nimekunywa mpaka chini, kwa mbali kama kuna pweza.

Strungi Baridi
Nunua maji ya chupa, ndugu yangu, hata ya chai peke yake. Na huyo wa chaja mtumie picha ya kikombe.

Mpangaji wa Chumba Kimoja
Nimetuma. Kajibu, "Hongera." Sijajua kama ni mwaliko au ni kwaheri.

Bi Harusi wa Chumbageni
Mkaribishe. Ila chungulia chupa kwanza.