Naombeni ushauri: darasa lina watoto 120, wenye vipaji maalum tuwabaini vipi?

Mwl wa Temeke
Wanajamvi, habari za jioni. Naomba mawazo ya walimu wenzangu, maafisa elimu na waliosomea upimaji.

Shule yetu ni ya msingi, ya serikali, huku Temeke. Darasa la tatu lina mikondo miwili, kila mmoja una watoto kama 120, na wanaingia kwa zamu, asubuhi na mchana. Mwalimu mkuu anataka tuwe na utaratibu wa kuwatambua mapema watoto wenye uwezo mkubwa, tusingoje matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Fedha ni kidogo. Je, kuchukua kumi bora wa mtihani wa muhula kunatosha? Kama hakutoshi, tuanzie wapi, na tukishawapata tuwafanyie nini?

Kipimo
Mwalimu, kumi bora hawatoshi.

Mfumo wetu unaijua njia moja tu, jumla ya alama. Watoto wanaokwenda sekondari za vipaji maalum, yaani Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato, wanapangwa na TAMISEMI (ofisi ya serikali ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) kwa kutazama matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Masomo ni sita, kila somo alama 50, jumla 300, na kuanzia 241 ni daraja A. Sasa chukua watoto wawili. Wa kwanza kapata 42 kwenye kila somo, jumla 252, yuko A. Wa pili kapata Hisabati 50, Sayansi 49, halafu masomo manne yaliyobaki 33, 30, 26 na 24. Jumla yake 212, yuko B. Huyo wa pili ndiye mwenye kichwa cha hesabu kuliko wote shuleni, na orodha haimwoni. Jumla humpendelea mtoto asiye na somo bovu. Ni sifa nzuri, lakini si kitu kilekile.

Mtihani wa muhula una kasoro nyingine. Umetungwa ili darasa zima lipimwe, kwa hiyo dari lake ni fupi. Watoto tisa wakipata 48, 49 na 50, hujui nani kafika mwisho wa uwezo wake na nani kazuiwa na karatasi.

Dada wa Kongowe
Mimi ni mzazi tu, si mwalimu. Kwani walimu wa darasa hawawajui vipanga wao? Si wataje majina yaishe?

Ubao Mweusi
Dada, swali lako ndilo kiini cha jambo lote, niruhusu nieleze kwa urefu.

Mwalimu mwenye watoto 120 anawajua vizuri wachache: wanaonyoosha mikono, wenye daftari safi, wanaokaa mbele na watukutu. Ukimwomba majina kwanza, atakupa wale wa aina ya kwanza. Mtoto anayemaliza kazi kwa dakika nne kisha akaanza kusumbua jirani hatajwi, wala binti mkimya wa dawati la nyuma. Hili halipo kwetu tu. Mwanasaikolojia Lewis Terman alipoanza utafiti wake wa watoto wenye akili nyingi kule California mwaka 1921, walimu ndio waliopendekeza majina kwa wingi. Na kipimo nacho kilikosea: William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakiwa watoto, hawakufikia kiwango chake, wakaachwa. Wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, Shockley 1956 na Alvarez 1968.

Mfano wa kinyume ni kaunti ya Broward huko Florida, Marekani. Zamani mtoto alipimwa endapo mwalimu au mzazi amempendekeza. Mwaka 2005 wakaanza kumpima kila mtoto wa darasa la pili kwa jaribio fupi la maumbo. Kiwango cha kuingia hakikulegezwa, ila idadi ya watoto wa familia maskini, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini waliotambuliwa ilipanda sana. Wachumi David Card na Laura Giuliano walichapisha uchambuzi wake mwaka 2016. Kwa hiyo Mwalimu, pima WOTE kwanza, majina ya walimu yafuate.

Namna ya kufanya kwa mazingira yenu: tunga karatasi moja ya maswali 20, dakika 40. Maswali 5 yawe ya ngazi ya darasa la tatu, 8 ya la nne, 7 ya la tano. Lakini usichukue mada ambazo hawajafundishwa, kama desimali. Ukifanya hivyo utakuwa unapima nani anakwenda twisheni. Ugumu utoke kwenye kufikiri. Mfano mfuatano 2, 6, 14, 30, kisha namba gani? (62, kila namba inazidishwa kwa 2 na kuongezwa 2.) Au hili ninalolipenda zaidi: una sarafu za shilingi 50, 100 na 200, andika njia zote za kupata shilingi 500. Njia ziko 12. Hapo usitazame jibu la mwisho tu. Tazama nani kaziandika kwa mpangilio, akianza na sarafu mbili za 200, kisha moja, kisha bila 200 kabisa. Mtoto aliyepata njia 10 kwa mpangilio amekuonyesha kitu kuliko aliyepata 11 kwa kubahatisha.

Maelekezo yasomwe kwa sauti, mara mbili, ili asiyesoma haraka asianguke kwa sababu hiyo. Waambie mapema kwamba hakuna anayetarajiwa kumaliza yote, maana wengine wakikutana na swali gumu la tatu wanaweka kalamu chini.

Yanayoharibika:

Kuangalizia. Dawati moja linabeba watatu au wanne. Tengeneza karatasi mbili zenye namba tofauti, A na B, zikae kwa kupishana.

Zamu. Ukipima asubuhi, wa mchana watakuta maswali yameshafika mtaani. Wape toleo la tatu. Na wapime mara tu wanapoingia, si saa kumi jioni wakiwa na njaa na joto la Dar limewachosha.

Umri. Darasa moja unakuta wa miaka 8 na wa miaka 11. Kila karatasi iandikwe umri. Mtoto wa miaka 8 mwenye 11 kati ya 20 si sawa na wa miaka 11 mwenye alama hiyohiyo.

Usahihishaji. Tumia namba badala ya majina, na mwalimu wa mkondo mmoja asahihishe wa mwenzake. Watoto wa walimu na wa wajumbe wa kamati ya shule wapo humo, msijiweke kwenye majaribu.

Halafu chukua 15 wa juu kila mkondo, wawe 30. Usitafute alama ya kukatia kutoka shule ya mitaa ya wenye uwezo, Masaki au Oysterbay. Unatafuta nani kati ya watoto HAWA anahitaji kazi ngumu kuliko anayopewa. Sasa ndipo walimu wataje majina ambayo hayamo, yasizidi 10, na kila jina liwe na sababu iliyoandikwa. Mnabaki na watoto 40.

Mzee wa Buza
Mbona mnajitesa? Siku hizi kuna programu za kupima IQ, yaani kiwango cha akili, kwenye simu, bure kabisa. Mtoto anacheza dakika kumi, namba inatoka.

Kipimo
Shikamoo mzee. Hizo za simu tuziache. Vipimo halisi vya IQ, kama kile cha Wechsler cha watoto, hufanywa na mtaalamu aliyefunzwa, mtoto mmoja mmoja, na huchukua saa nzima au zaidi. Wastani wake ni 100, na 130 kwenda juu ni kama asilimia 2 ya watoto. Lakini asilimia hiyo imehesabiwa kwa watoto wa nchi kilikotengenezwa, wanaojua michezo ya picha na mafumbo ya karatasi tangu chekechea. Ukimpima mtoto wa Buza kwa jedwali la London, namba utaipata, ila maana yake itakuwa imepotea. Na mtoto akishaambiwa "una 95" hataisahau.

Mzee wa Buza
Marahaba. Nimekuelewa.

Saikolojia ya Elimu
Naongezea hatua ya pili kwa hao 40, na utafiti wake ulifanyika jirani tu, Bagamoyo. Wanasaikolojia Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao Watanzania waliuchapisha mwaka 2002. Waliwapa watoto wa shule majaribio ya kufikiri, wakawafundisha kwa muda mfupi, chini ya saa moja, mbinu za kuyafanya, kisha wakawapima tena. Waliofundishwa walipanda kuliko wasiofundishwa, na alama za baada ya kufundishwa zilieleza uwezo wa mtoto vizuri kuliko za mwanzo. Yaani jaribio la mara moja lilikuwa linapima mazoea. Kwa shule ya kayumba, yaani ya serikali kama yenu, hili ni muhimu mno, kwa sababu watoto wetu wengi hawajawahi kukutana na swali la aina hiyo kabla ya siku ya kupimwa.

Kwa Mwalimu iwe hivi: wagawe 40 kwa makundi manne ya kumi. Kila kundi lipate maswali 10 ya aina moja, kwa mfano mifuatano na kupanga vitu kwa makundi, dakika 20. Kisha dakika 30 wafundishwe: tafuta tofauti kati ya namba mbili jirani, jaribu kanuni kwenye namba zote, ikigoma iache ujaribu nyingine. Baada ya mapumziko wape maswali 10 mengine yenye kanuni zilezile. Andika alama zote mbili na uangalie mruko. Aliyetoka 3 akafika 8 ana kitu, hata kama jirani yake alianza na 7 akabaki 7.

Makosa mawili hujitokeza. Mwalimu anafundisha majibu badala ya mbinu, au anarudia maswali yaleyale, na hapo unapima kumbukumbu. Pia mtoto aliyeanza na 9 au 10 hana nafasi ya kuruka, kwa hiyo mwingize moja kwa moja, usimwadhibu kwa kuwa tayari yuko juu.

Dada wa Kongowe
Na mtoto ambaye ukimuuliza kwa mdomo anajibu kama mtu mzima, lakini daftari lake ni vurugu tupu?

Saikolojia ya Elimu
Huyo, dada, ndiye anayepotea mara nyingi kuliko wote. Kabla ya kusema mvivu, mpime macho. Mwambie asome herufi ubaoni akiwa dawati la mwisho, jicho moja moja, kisha asogezwe mbele arudie. Tofauti ikiwa kubwa, apelekwe hospitali. Masikio vilevile: muite jina kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo. Wapo pia wenye uwezo mkubwa ambao papo hapo wana tatizo la kusoma, herufi zinawachanganya. Kwa hao swali moja au mawili yafanyike kwa mdomo, mwalimu aandike majibu yao. Kipaji na tatizo vinaweza kukaa kwa mtoto mmoja, na kila kimoja kikamficha mwenzake.

Wasichana nao wahesabiwe. Kati ya 30 mkikuta wasichana 7 tu, rudini kwenye karatasi kabla ya kutangaza chochote.

Mwl wa Temeke
Asanteni sana, nimeyaandika yote. Gharama naona inabebeka? Na vipi vipaji visivyo vya darasani, kuchora, mpira, ngoma?

Ubao Mweusi
Inabebeka. Karatasi 240 za hatua ya kwanza, pande mbili, na 80 za hatua ya pili, jumla 320. Rimu moja ina 500. Gharama kubwa ni fotokopi, na hiyo ipitishwe kwenye kamati ya shule, msiwachangishe wazazi.

Michezo na sanaa zina ngazi yake tayari, mashindano ya shule za msingi ya UMITASHUMTA, kuanzia shuleni hadi taifa. Tatizo lake ni kwamba huangalia nani ni hodari leo, na wa miaka 12 mwenye mwili humshinda wa miaka 9 mwenye kipaji. Wekeni orodha ya wadogo pembeni.

Kipimo
Kuhusu kuwafanyia nini, hapa ndipo shule nyingi huharibu. Mtoto akimaliza mapema anapewa maswali kumi zaidi ya aina ileile, au anafanywa monita, au anasahihishia wenzake kutwa. Hiyo ni adhabu kwa jina la heshima. Fanyeni hivi: mpe maswali matano magumu zaidi ya mada kabla ya kuifundisha. Akipata manne, mada hiyo anayo, apewe kazi nyingine: swali la sarafu kwa shilingi 1,000, au kutunga maswali yake na kuyathibitisha. Wakae watano hadi wanane pamoja katika mkondo mmoja, maana mmoja peke yake huficha uwezo ili asichekwe. Anayezidi kwenye Hisabati tu, aende kusoma Hisabati na darasa la nne kipindi hicho, kisha arudi.

Kumrusha darasa zima msikimbilie. Usajili wa upimaji wa darasa la nne unafuata rekodi yake kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi. Ukimpandisha bila Afisa Elimu kujua, mtoto ndiye atakayekwama.

Mwl wa Temeke
Na orodha tuibandike?

Kipimo
Hapana kabisa. Ikae kwenye faili la taaluma, pamoja na karatasi zao, tarehe na aliyesahihisha, ili mwalimu wa darasa la nne aipokee Januari na mtoto akihama nakala imfuate. Wazazi waambieni kazi ambayo mtoto ataanza kupewa, neno "kipaji maalum" si lazima. Mwakani pimeni tena wote 240, hata wale ambao safari hii hawakuingia.

Dada wa Kongowe
Mwalimu, ukianza omba mzazi mmoja mmoja kila mkondo aje kusimamia siku ya karatasi. Huku kwetu wengi tungekuja, tuambiwe tu siku mbili kabla.