Farasi kaniangusha, kaondoka na simu yangu. Ningeshuka mapema au ningekaza?

saisi_mpya

Wakuu salaam.

Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, nina miezi mitano kwenye banda moja la farasi huku Usa River. Kabla ya hapo nilikuwa nachunga ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo mnyama mkubwa hanitishi. Au ndivyo nilivyodhani.

Jumamosi nilitoka na wageni watatu, mimi nimetangulia juu ya farasi jike anaitwa Asali. Njia ni ile ile ya kila siku, kahawa huku, migomba kule. Siku hiyo mama mmoja alikuwa ameanika mahindi kwenye turubai la bluu kando ya njia. Asali aliliona kwa mbali, akasimamisha masikio, shingo ikapanda kama twiga. Nikasema huyu ananipima tu, nikamgusa kwa visigino. Hatua tatu hivi, upepo ukainua pembe ya turubai: pwaa! Alivyogeuka hata sikuona. Ninachokumbuka nimekaa juu ya tuta la maharage, Asali anatimua shoti kurudi nyumbani, vikuku vya kukanyagia vinampiga mbavuni. Simu yangu ilikuwa kwenye mkoba wa tandiko. Nikabaki kwa miguu, bila simu, na wageni watatu ambao farasi wao nao wanataka kumfuata mwenzao.

Sikuvunjika kitu, kofia ngumu tu ndiyo imepata ufa. Asali alifika salama, lakini alivuka peke yake lami ya Moshi–Arusha, na hiyo barabara mnaijua.

Bosi anasema nililegea, ningekaza miguu nimpitishe kwa nguvu. Saisi mwenzangu anasema ningeshuka. Sasa nikishuka mbele ya wageni, si nitaonekana mwoga? Na farasi akishaanza mbio nikiwa bado juu, namsimamishaje? Mwezi uliopita mmoja alinikimbiza, nikavuta hatamu zote mbili hadi viganja vikachubuka, akazidi.

mzee_wa_tandiko

Pole mdogo wangu. Nimefanya kazi hii miaka 22, Kilimanjaro Magharibi, na nimeanguka mara nyingi kuliko nilivyooa (nimeoa mara moja).

Kosa halikuwa miguu yako. Farasi alikwambia mapema, ukamjibu kwa kisigino. Masikio yakisimama yote mawili kuelekea kitu kimoja na shingo ikakauka, hapo simama. Mwache atazame. Akipumua kwa kishindo, akateremsha kichwa, akaanza kutafuna lijamu (kile chuma cha mdomoni), ujue amekwisha kuelewa, mpitishe taratibu. Asipoteremsha, shuka. Shuka yeye akiwa bado amesimama, maana akishageuka hushuki, unashushwa.

Ukishuka, mpitishe kwa mkono, na hapa wengi wanakosea: wewe uwe upande wa kile kitu anachokiogopa. Farasi huruka kukikimbia. Ukikaa upande wa pili ukidhani unajikinga, atakurukia wewe, na ni kama kilo 450 hizo. Hatamu usizizungushe kwenye kiganja hata siku moja. Kuna mtu namjua hana vidole viwili kwa sababu hiyo.

Kuhusu mbio: ukivuta hatamu zote mbili kwa pamoja umempa kitu cha kuegemea, na kwa nguvu hutamshinda. Vuta moja, kichwa kije kuelekea goti lako, nyingine legeza, aanze kuzunguka duara, kisha duara liwe dogo mpaka asimame. Ila fanya hivyo mwanzoni, kabla mwendo haujakolea, na pawe na nafasi. Akiwa kwenye shoti kali au njia nyembamba ya mteremko, ukimkunja ghafla mtaanguka wote wawili. Hapo kaa chini kwenye tandiko, vuta na kuachia, vuta na kuachia, umtafutie mwinuko.

Simu iwe mwilini mwako. Tandiko linaweza kukukimbia, kama ulivyoona.

mama_naivasha

Nakubaliana na mzee, lakini sio kila kitu ushuke. Nilikuwa na farasi ambaye kila mtu alimshukia, mwisho akawa anagoma hata akiona karatasi ya maziwa. Mimi huku ziwani nashuka kwa upepo, turubai, daraja la mbao. Kwa wanyama sishuki.

Kwa mfano kiboko. Alfajiri wanarudi majini kutoka malishoni, na njia yetu inapita kando ya mafunjo. Siku moja kama saa kumi na mbili na nusu, mmoja akatokea mkono wa kulia na ziwa liko kushoto. Ningeshuka ningekuwa mtu wa miguu kati ya kiboko na maji yake! Niligeuza farasi tukarudi tulikotoka, nikamwachia njia yote. Siku hizi sitoki kabla ya saa mbili.

Nyuki ndio kabisa. Usisimame, usipige mikono, usifunge farasi mtini. Ondokeni wote kwa kasi mpaka waache kuwafuata, miiba mtaitoa baadaye.

Na jambo moja mzee hakuligusa: wageni. Kiongozi akianguka, wengine wote wasimame na washuke, kila mmoja ashike farasi wake. Mtu asimkimbize aliyetoroka, ukimkimbiza anaona ni mashindano. Piga simu bandani waende kusimama barabarani.

boda_tengeru

Mimi ni wa bodaboda, nawaona sana huko Usa. Kusema kweli nikikutana na farasi nampigia honi apishe. Nakosea?

mzee_wa_tandiko

Unakosea sana kijana. Honi ndiyo inayomrusha katikati ya njia. Punguza mwendo mapema, na ukiona anachezacheza zima injini, subiri apite. Ukimfuata kutoka nyuma, ongea kwa sauti, sema hata "hodi". Nyuma kabisa ya mkia wake haoni, lakini sauti ya mtu anaijua.

boda_tengeru

Haya, nitapiga hodi kwa farasi. Makubwa.

saisi_mpya

Wakuu, mrejesho. Jana nimerudi kule kwa miguu, Asali namvuta kwa kamba, sina mgeni. Turubai lilikuwepo. Nikasimama upande wa turubai kama mzee alivyosema. Akakoroma, akaruka mara moja, kweli akarukia upande wa pili, mimi sikuguswa. Tulikaa kama dakika 20 mpaka akaanza kula majani. Cha ajabu, wakati wa kurudi turubai likawa mkono mwingine, akashtuka upya kama hajawahi kuliona.

Bosi bado anasema nimlazimishe. Nimemwomba Jumamosi atangulie yeye na Asali, mimi nifuate na wageni. Ameniambia atafikiria.

Mama mwenye shamba naye alikuwa ananisubiri. Anadai maharage yake, debe moja. Nilimwambia mimi nimeharibu tuta moja tu, mengine ni ya Asali. Tumekubaliana nusu debe, na samadi magunia matatu.

mama_naivasha

Samadi ya farasi hiyo mbichi, mwambie aiache ioze kwanza, imejaa mbegu za magugu. Na kofia yenye ufa tupa, usiivae tena.