Tupeane uzoefu: Kulinda morali ya wafanyakazi wanaofanya kazi wakiwa mbali

Nahodha (mwanzisha mada)
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wanaosimamia watu wasioonana nao ofisini. "Wasiliana zaidi na timu yako" haimsaidii mtu. Tuseme lini, dakika ngapi, kipi kiandikwe, na wapi mambo hukwama.

Naanza na kikao cha wawili, msimamizi na mfanyakazi: dakika 30 kila wiki, siku na saa ileile. Ajenda anaandika mfanyakazi kwenye waraka wa pamoja, siku moja kabla. Maendeleo ya kazi yasiingie humo, hayo yana ubao wake wa kufuatilia kazi. Kinachoua kikao hiki ni kuahirisha. Ukiahirisha mara mbili mfululizo, mtu anaanza kujibu "niko poa, hakuna jipya", na tangu hapo shida zake utazisikia siku anapoleta barua ya kuacha kazi. Swali la "uko sawa?" halizai kitu. Uliza: "Wiki hii ni kazi gani ilikukwamisha, na ulikuwa unamsubiri nani?"

Bi Ratiba
Naunga mkono, ila kikao hakimwokoi mfanyakazi mpya aliyepokewa vibaya. Kompyuta na akaunti zote ziwe zimejaribiwa siku 3 kabla hajaanza. Mpe mwenyeji, mwenzake wa ngazi moja, asiwe bosi. Kufikia siku ya 3 awe amepewa kazi ndogo inayoweza kwisha wiki hiyohiyo na kuonwa na wenzake.

Mwenyeji ndiye amtafute mgeni, asubuhi na alasiri, kwa wiki 2 za mwanzo. Ofisini mgeni anaona nani hana shughuli, anamsogelea na kuuliza. Akiwa mbali, kila swali ni ujumbe kwa mtu asiyemjua, hivyo anaona haya, ananyamaza, anakwama siku nzima kwa jambo la dakika 5. Wasimamizi wengi huusoma ukimya huo kama uvivu, na hapo ndipo uhusiano unapoharibika.

Kalamu Nyeusi
Niongezee upande wa uangalizi, maana hapo ndipo morali inapovuja zaidi. Programu za kupiga picha skrini na kuhesabu mibofyo huleta mibofyo, hazileti kazi. Vifaa vya kutikisa kipanya, ili kompyuta ionekane inatumika, vinauzwa kwa sababu hiyohiyo.

Badala yake, kila Jumatatu mkubaliane matokeo yasiyozidi 3, yakiandikwa hivi: "Ripoti ya mauzo ya mwezi: imekaguliwa, makosa yamerekebishwa, imetumwa kwa mteja kabla ya Alhamisi saa 10 jioni." Ukiandika "kushughulikia ripoti" peke yake, mtu hajui lini amemaliza, wala hapati ile raha ya kumaliza.

Muda wa kujibu nao uandikwe. Ujumbe wa kawaida, ndani ya saa 4 za kazi. Dharura, piga simu. Baada ya saa za kazi, hakuna anayedaiwa jibu. Bila kanuni hiyo watu wanalala na simu mkononi, na bosi anayetuma ujumbe saa 4 usiku, hata akiandika "jibu kesho", ameshawaweka macho. Apange ujumbe utoke asubuhi.

Mpima Njia
Mnasahau kupandishwa vyeo. Kampuni ya usafiri ya Ctrip ya China ilifanyiwa jaribio la miezi 9, na mchumi Nicholas Bloom na wenzake wakachapisha matokeo mwaka 2015. Waliofanyia kazi nyumbani walipanda kiutendaji kwa asilimia 13 na walioacha kazi walipungua kwa nusu hivi. Lakini ukilinganisha watu wa utendaji sawa, wa nyumbani walipandishwa vyeo mara chache zaidi. Mtu akishaona hilo, hakuna zawadi itakayomrudishia ari.

Dawa ni ya utaratibu. Kabla ya kujadili nani apande, kila jina liletwe na kazi zake kwa maandishi, wa ofisini na wa mbali kwa fomu moja. Kwenye kikao mchanganyiko, hata walio chumba kimoja waingie kila mmoja kwa kompyuta yake, la sivyo wa mbali anasikia vicheko asivyojua vimetoka wapi. Na uamuzi uliofikiwa koridoni uandikwe siku hiyohiyo.

Bi Ratiba
@Mpima Njia hapo umegusa penyewe. Wenye timu zilizo kwenye majira ya saa tofauti, zungusheni saa ya kikao kila mwezi ili asiwe yuleyule anayeamka alfajiri.

Nahodha
Na zile tafrija za mtandaoni za Ijumaa jioni?

Kalamu Nyeusi
Ziwe za hiari na ndani ya saa za kazi, watu 4 au 5, si 30. Wakiwa 30 wanaongea wawili, waliobaki wanatazama saa.

Kura za maoni nazo: maswali 5, na majibu yatangazwe ndani ya wiki 2 pamoja na jambo moja litakalobadilishwa na jina la atakayelibadilisha. Kura isiyojibiwa ni bora isingepigwa, maana ya pili watajaza wachache, na hao watajaza uongo. Timu ikiwa chini ya watu 5 usiwaahidi usiri. Kila mtu atajulikana kwa maneno yake.

Mpima Njia
Hapo kwa timu ndogo, acha kura kabisa. Uliza moja kwa moja kwenye zile dakika 30 za Nahodha.