Nikinywa choya mkesha wa Krismasi, alfajiri naweza kuendesha gari hadi Singida?

MkaziWaKisasa
Wakuu, shikamooni. Tarehe 24 usiku familia tunakutana hapa Kisasa, Dodoma, na shemeji ameahidi dumu la choya, ile pombe ya zabibu ya kienyeji. Saa kumi na moja alfajiri nawapeleka mama na wanangu wawili Singida kwa IST yangu.

Mwaka jana nilifanya hivyohivyo. Kabla hatujafika Bahi nikasinzia, tairi za kushoto zikatoka kwenye lami, mama akapiga yowe. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza.

Nikiacha kunywa saa sita usiku, alfajiri nitakuwa sawa? Na trafiki akinisimamisha, haki zangu ni zipi?

Suka_Mstaafu
Marahaba mdogo wangu, na pole. Njia hiyo nimeipigia basi miaka 19. Jibu ni hapana, hutakuwa sawa.

Bia ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina gramu kama 20 za pombe yenyewe. Ini la mtu mzima huondoa kati ya gramu 7 na 10 kwa saa. Piga hesabu: bia nne ni saa nane au zaidi. Sasa choya ya kwenye dumu nani ameipima? Kahawa, supu, maji ya baridi, vyote havipunguzi kitu kwenye damu. Unaamka macho tu, ulevi uko palepale.

Kikomo cha sheria ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Mimi nilijiwekea sifuri, maana usingizi wa pombe unakuja kabla hujafika kikomo.

Binti_wa_Nkuhungu
Kaka, kuhusu trafiki: egesha pembeni, zima gari, msalimie, toa leseni. Una haki ya kuambiwa kosa lako, na ya kumuuliza jina na namba yake. Akikupima ulevi usigome, utajiongezea kosa. Omba tu uone kilichoandikwa kwenye mashine. Faini inalipwa kwa kontrol namba, kamwe si mkononi. Akitaka "ya soda", yaani rushwa, TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, ni 113, kupiga ni bure.

Ukipelekwa kituoni, una haki ya kumjulisha ndugu au wakili. Wasipokupa dhamana, wakufikishe mahakamani ndani ya saa 24.

Ila nakuomba kama dada yako, usifike huko. Mimi nilimzika kaka yangu tarehe 27 Desemba. Hakuna trafiki aliyemsimamisha usiku ule, na natamani hadi leo angesimamishwa.

MkaziWaKisasa
Pole sana dada yangu. Nimeisoma mara mbili.

Nimeshampigia shemeji. Dumu litasafiri kwenye buti, tutalifungua Singida gari likiwa limeegeshwa na ufunguo anao mama. Mkesha nitakunywa maji, saa tatu niwe nimelala. Tutaondoka saa moja, kukishapambazuka.