Acheni kutuuzia Malibu kwa jina la SS

Ndugu wanajukwaa,

Naandika uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Muuzaji mmoja wa magari ya zamani hapa Ohio, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa shauri letu halijaisha, amegoma kunirudishia arbuni ya dola 2,000 niliyomkabidhi kwa ajili ya Chevrolet Chevelle SS 396 ya mwaka 1970 (SS ni Super Sport, toleo la nguvu la Chevelle, na 396 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo), ilhali gari lenyewe si SS na halijapata kuwa SS tangu litoke kiwandani. Ni Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, iliyobandikwa nembo za SS, ikafungwa boneti iliyonyanyuka katikati, ikapakwa mistari miwili myeusi, kisha ikapangiwa bei ya gari jingine. Karatasi ya arbuni inasema wazi kwamba fedha zitarudishwa iwapo ukaguzi utaonyesha kuwa maelezo ya tangazo si ya kweli. Ukaguzi umefanyika, uongo umeonekana, na sasa muuzaji anadai kwamba herufi SS kwenye tangazo zilikuwa zinaeleza “mtindo” wa gari, na kwamba kila kitu katika yadi yake huuzwa kama kilivyo.

Kwa wasiofuatilia magari haya, udanganyifu huu umepata nafasi kutokana na namna Chevrolet walivyokuwa wakiandika namba za chesisi. Kuanzia mwaka 1966 hadi 1968, Chevelle SS 396 ilihesabiwa kuwa modeli inayojitegemea, na namba yake ya chesisi ilianza na 138, hivyo mnunuzi alihitaji macho tu. Mwaka 1969 SS ikageuzwa kuwa kifurushi cha nyongeza ambacho mteja alikichagua juu ya gari la kawaida. Kwa mwaka 1970 kifurushi cha injini ya 396 kiliitwa Z25 na cha 454 kikaitwa Z15, lakini hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye namba ya chesisi. SS ya milango miwili na Malibu ya V8 (injini ya silinda nane) aliyokuwa akiendea kanisani bibi wa mtu zote zinaanza na 13637. (Na ndiyo, najua kwamba 396 ya mwaka huo kwa kipimo halisi ni inchi za ujazo 402, na kwamba Chevrolet wenyewe waliamua kulibakiza jina. Asije mtu akaacha hoja akanirukia kwa hilo.)

Wenzetu wa chapa nyingine wana nafuu. Mwenye Dodge au Plymouth ya mwaka 1970 anatazama herufi ya tano ya namba ya chesisi, na akikuta R anajua gari lilizaliwa na ile injini kubwa ya Hemi ya 426. Mwenye Ford ya kuanzia mwaka 1967 anaagiza ripoti kwa Kevin Marti, aliye na kumbukumbu za uzalishaji za kampuni hiyo, na mwenye Pontiac anaagiza nakala za hati za kiwandani kutoka PHS (Pontiac Historic Services). Hata Chevrolet zilizouzwa Kanada kumbukumbu zake zipo kwa GM ya huko, yaani General Motors, kampuni mama ya Chevrolet na Pontiac. Sisi wa Chevelle zilizouzwa Marekani tunabaki kuomba Mungu kwamba ile karatasi ya kiwandani iliyoorodhesha vifaa vya gari, ambayo mara nyingi iliachwa juu ya tangi la mafuta, haijaoza wala kuliwa na panya kwa miaka zaidi ya hamsini.

Katika gari hili karatasi haikuwepo, kwa hiyo nililala chini ya gari na tochi. Kibati cha bodi kilichopo kwenye ukuta wa injini kimeandikwa 03B, maana yake bodi ilitengenezwa wiki ya pili ya Machi 1970. Ubavuni mwa injini, karibu na stata, chuma chenyewe kina tarehe ya kumiminwa iliyosomeka E 14 0, yaani tarehe 14 Mei mwaka huohuo. Nilipomwonyesha muuzaji kwamba injini ni changa kuliko bodi kwa miezi miwili, alijibu bila kupepesa macho kwamba huenda ilibadilishwa chini ya dhamana. Sawa, lakini injini za dhamana za wakati huo zilikuwa zikigongwa herufi CE, nayo hii imegongwa namba ya chesisi ya gari hilohilo, ili tangazo liweze kusema kwamba namba zinaoana. Mahali zilipogongwa, mbele ya kichwa cha silinda upande wa abiria, pamesuguliwa mpaka panang'aa, ile mikwaruzo myembamba iliyoachwa na mashine ya kiwandani imetoweka, na tarakimu zimepanda na kushuka. Huko nyuma difu ina kifuniko cha bolti 10 wakati SS ilikuja na ya bolti 12. Dashibodi ya mita za duara ni mpya kabisa, na nyaya nyuma yake zimeungwa kwa vibanio vya plastiki vya samawati. Baada ya hapo sikuona haja ya kuendelea kutafuta.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na mtu anayechukua Malibu iliyochoka akaifunga injini kubwa na kuifurahia. Pontiac GTO ya kwanza, ya mwaka 1964, ilizaliwa kwa ujanja wa namna hiyo: John DeLorean na wenzake Bill Collins na Russ Gee waliichukua injini ya 389 wakaiingiza kwenye Tempest kama kifurushi cha nyongeza, kwa kuwa sheria ya ndani ya GM haikuruhusu magari ya ukubwa huo kupewa injini inayozidi inchi za ujazo 330. Ila wao hawakumdanganya mnunuzi. Aliyejitengenezea SS yake aandike kwenye tangazo kwamba ameitengeneza, aiuze kwa bei yake, na mimi nitakuwa wa kwanza kumpongeza. Anayechukua nyundo na tarakimu za chuma usiku ni mwizi, na haijalishi rangi yake imetulia kiasi gani.

Najua wapo watakaoniambia nilipie tu na nifurahie gari kwa sababu mlio wa V8 ni uleule. Ningefurahia kama ningetozwa bei ya Malibu. Tangu Plymouth Hemi 'Cuda ya paa la kukunjwa ya mwaka 1971, mojawapo ya 11 tu zilizotengenezwa, ilipouzwa mnadani Seattle mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5, kila mwenye banda na bomba la rangi anajiona ana hazina, na tunaowalea ni sisi tunaosifia picha na kumwita “mwenye wivu” yeyote anayeuliza namba.

Malalamiko nimeshayapeleka kitengo cha kulinda walaji katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Ohio, pamoja na picha na nakala ya karatasi ya arbuni. Kiasi ninachodai kinaingia pia katika mahakama ya madai madogo, ambayo hapa inapokea hadi dola 6,000, na ningependa kusikia kutoka kwa aliyewahi kumfikisha huko muuzaji wa magari: je, picha za injini zilitosha, au hakimu alitaka fundi afike mwenyewe kutoa ushahidi? Na kama kuna ndugu yeyote anayeitazama Chevelle nyekundu ya mwaka 1970 yenye mistari myeusi katika maeneo ya Columbus, aniandikie faragha kabla hajatia saini, nimtumie picha za zile tarakimu.