Mzee anakohoa mwaka wa pili, kila mara wanasema kifua kikuu. Kumbe alifanya kazi na amianti

Mwana_wa_Katuba
Jambo wandugu. Niko Lubumbashi, Katuba. Baba yangu ana miaka 72. Mwaka wa pili huu anakohoa kikohozi kikavu, na pumzi inamkatika. Zamani alikuwa anakwenda sokoni kwa miguu na kurudi. Leo akifika tu kwenye mlango wa lupango (uwanja wa nyumba) anashika nguzo, anapumua kwanza, ndipo anakusalimia. Dawa za kifua kikuu amemaliza mara mbili, na makohozi kila wakipima hawaoni mdudu. Sasa wanataka kumwanzishia mara ya tatu.

Wiki iliyopita rafiki yake wa kazini alikuja kumwona, wakaanza hadithi za usine, yaani kiwanda. Ndipo nikasikia kwamba kuanzia 1976 hadi 1998 baba alikuwa kwenye timu ya kufunga mabomba ya mvuke na milango ya tanuru. Walikuwa wanakata mabamba meupe kwa msumeno, unga wake wanaukoroga na maji kwenye ndoo, wanapaka kwa mikono. Yule mzee anacheka: "Jioni tulitoka weupe kama watu wa mashine ya unga." Ndiyo amianti hiyo, wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita asbesto. Miaka miwili ya hospitali, hakuna aliyemuuliza baba alikuwa anafanya kazi gani. Na sisi hatukusema.

La pili: nyumba ya nyuma imeezekwa yale mabamba mazito ya kijivu, eterniti ya zamani, saruji iliyochanganywa na amianti. Yaya yangu, yaani mkubwa wangu, amenunua malata (mabati) mapya, Jumamosi anataka vijana wapande na nyundo wavunje yote. Nishaurini.

Kadogo99
Babu yangu amelala chini ya eterniti tangu wakati wa Mobutu na bado anakula bukari (ugali) yake vizuri. Msitishe watu.

Muuguzi_wa_Zamu
Kadogo, babu yako amelala chini ya bamba zima. Baba wa huyu ndugu alilikata kwa msumeno miaka 22. Bamba lililotulia halitoi vumbi jingi. Shida inaanza likivunjwa, likitobolewa au likichakaa.

Mwana wa Katuba, mimi si daktari, ila nimekaa wadi ya kifua muda mrefu. Nyuzi za amianti ni nyembamba, jicho halizioni. Zikiingia ndani ya pafu, mwili hauwezi kuziyeyusha. Polepole pafu linaota makovu, linakuwa gumu kama sponji iliyokauka. Huo ndio ugonjwa wanaouita asbestosi. Unachukua miaka 10, 20, hata 40 kujitokeza, kwa hiyo mtu anaugua akiwa amekwisha kusahau kazi yenyewe. Hauambukizi. Wakihakikisha hana kifua kikuu, mjukuu akae naye bila woga.

Angalia vidole vyake: ncha zimevimba, kucha zimepinda kama mgongo wa kijiko? Daktari akisikiliza chini ya mgongo anaweza kusikia sauti kama ya majani makavu. Usikatishe dawa kwa kichwa chako, lakini kabla ya kuanza mara ya tatu omba mambo matatu: makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine ya kutafuta mdudu wa kifua kikuu, apigwe skana ya kifua (radio ya kawaida, yaani eksirei, inakosa mengi), na apulize kipimo cha pumzi. Atazamwe na daktari wa mapafu, si watu wa zamu tu kama sisi. Na mwandike kwenye karatasi: kazi gani, mwaka gani hadi mwaka gani, vumbi gani. Mkumbuke pia vumbi la mawe ya mgodi, hilo linaleta silikosi, na mwenye silikosi kifua kikuu kinampata upesi zaidi. Vyote vinaweza kukaa katika kifua kimoja.

Anavuta sigara?

Mwana_wa_Katuba
Ameacha mara tano, ndiyo kusema anavuta. Vidole viko hivyo hivyo ulivyosema. Nimekwenda kuviangalia sasa hivi, akaniuliza kama nataka kumvisha pete.

Muuguzi_wa_Zamu
Aache ya sita, aache kabisa. Amianti na sigara zikikutana, hatari ya kansa ya mapafu inazidishwa, haijumlishwi. Makovu hayana dawa ya kuyafuta. Kinachobaki ni kulinda pafu lililopo: chanjo za mafua na nimonia zikipatikana, kutibu homa ya kifua mapema, oksijeni ikihitajika.

Mizizi_ya_Kundelungu
Nina mzizi unasafisha mapafu siku 14. Njoo faragha.

Muuguzi_wa_Zamu
Usije faragha.

Dada_Ruashi
Mama yangu hakuwahi kuingia usine hata siku moja. Alifua salopeti, nguo za kazi za baba yetu. Kabla ya kuziloweka alikuwa anazikung'uta kwenye baraza, pap, pap, na sisi watoto tunacheza hapo chini. Miaka zaidi ya 30 ikapita, maji yakaanza kujaa upande mmoja wa kifua. Waliyatoa, yakarudi. Afrika Kusini ndiko walikokata kipande cha utando wa pafu wakaona: mesotelioma, kansa ya utando huo inayoletwa na amianti. Hatukukaa naye mwaka. Mamako naye apimwe, hasa kama anapungua uzito au kifua kinamuuma upande.

Fundi_Kampemba
Kuhusu Jumamosi: nyundo hapana. Mwagieni maji yenye sabuni kidogo mpaka bamba lilowe, mng'oe misumari taratibu, mlishushe zima kwa kamba. Msilitupe chini. Barakoa ya kitambaa haisaidii, tafuteni FFP3, ile ya kuchuja vumbi laini. Fungeni kwa plastiki nene, mzike mbali na kisima. Msifagie pakavu, mpanguse kwa kitambaa chenye maji. Na watoto walale kwa shangazi. Lililo bora: kama halivuji wala halijapasuka, liacheni lilivyo.

Mzee_Kamalondo
Karatasi za kazi za baba mzitafute. CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ile tuliyoizoea kuita INSS, ina upande wa magonjwa ya kazi. Bila cheti cha daktari na miaka ya kazi wanakurudisha mlangoni.

Mwana_wa_Katuba
Asanteni sana. Mama amepata kijitabu cha kazi ndani ya sanduku la vitenge, 1976 inasomeka, ya kuondoka imelowa. Skana ni Jumanne. Kwa yaya nimesoma maneno ya Dada Ruashi kwa sauti, akanyamaza, akasema tusubiri. Mabamba matatu yanavuja, hayo lazima yatoke. Fundi, bomba letu linatoa maji usiku tu. Nikijaza pipa mbili zinatosha kulowesha matatu?

Fundi_Kampemba
Jaza nne. Nitapita Ijumaa niyaone.