Wakuu, 226 ya USMLE Step 2 si ndiyo asilimia 75?

Kijana wa Pugu: Habari za jioni wakuu. Mimi ni daktari, natafuta nafasi ya kusomea ubingwa Marekani. USMLE ndiyo mitihani ya leseni ya udaktari kule, inakwenda kwa hatua. Majibu ya Step 2 yametoka, 226. Kipimo kinaishia 300, nimepiga hesabu naona asilimia 75. Jamaa mmoja ananiambia alama ndogo hiyo. Step 1 nilikuwa na 231. Nimekosa usingizi, naombeni ushauri.

Mzee wa Kijiwe: Hongera dogo. Beba koti zito.

Dr Mkavu: Siyo asilimia, mkuu. Watahiniwa hawapewi maswali yaleyale, hivyo alama husawazishwa ili aliyeangukia seti ngumu asionewe. Kufaulu ni 218 tangu Julai 2025, na wenye mtihani wanasema anayepita huwa amepata kama asilimia 60 ya maswali. Tena ungerudi kesho yake kwa uwezo uleule, ingeweza kucheza pointi kadhaa juu au chini. Umepita, ila kwa kuchungulia. Ni mara yako ya ngapi?

Kijana wa Pugu: Hilo linahusianaje na hesabu?

Mama Pili: Mume wangu alirudia mitihani ya uhasibu mpaka watoto wakamzoea mezani na kikokotoo chake. Siku alipopata cheti akahamia kwa yule waliyekuwa wanasoma wote. Mtangulize Mungu mwanangu.

Dr Mkavu: Pole mama. Kijana, hujajibu.

Kijana wa Pugu: Sawa, ya pili. Ya kwanza 211, nilikuwa na malaria. Nataka nirudie nifikishe 250. Barua ya kuacha kazi nimeshapeleka na kiwanja kina mteja, kwa hiyo msinianzishie habari za kusubiri.

Dr Mkavu: Ukishafaulu huruhusiwi kurudia ili upandishe. Na 211 wanaoajiri wataiona, inakaa kwenye rekodi. Hiyo barua kaifuate kabla bosi hajaisaini, kiwanja nacho kiache kwanza.

Kijana wa Pugu: Kuna mtu namjua alipata nafasi na alama za chini kuliko zangu.

Mama Pili: Kiwanja ni cha nani, chako au cha familia?

Mpelelezi Huru: Subirini kwanza. Step 1 yenye namba ameitoa wapi? Tangu 26 Januari 2022 wanakwambia umepita au hujapita, basi. Halafu huyuhuyu juzi alikuwa jukwaa la ufugaji anauza vifaranga. Chai hii, tena haina hata tangawizi.

Kijana wa Pugu: Step 1 nilifanya 2021! Kwani daktari haruhusiwi kufuga?

Mpelelezi Huru: Weka picha ya majibu, ficha jina.

Kijana wa Pugu: Mtandao unasumbua, picha hazipandi.

Mzee wa Kijiwe: Vifaranga bado vipo?

Kijana wa Pugu: Vipo mzee, kroila wa wiki tatu, kideri na gumboro wameshachanjwa. Njoo PM.